Maji ya Kachumbari

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa mjini Kisii nachagua ndizi, na kabla hata sijahuzunika nikasikia sauti yake kichwani: "Na hayo maji yametoka wapi?" Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sina subira na watu wa maswali. Marehemu, mwalimu wa biolojia aliyefundisha shule moja upande wa Sironga hadi alipostaafu, alikuwa balaa. Ukimwalika chakula, alinyunyiza chumvi kwenye kachumbari yako, akaweka kijiko chini, akasubiri. Nyanya zikianza kutoa maji, alikukazia macho, na hakuna aliyekula mpaka mtu ajibu. Siku moja nyama ilipoa mezani kwangu hadi mafuta yakaganda, mke wangu akinifinya mguu chini ya meza.

Jibu lenyewe si gumu. Kila seli ya nyanya imefunikwa na utando mwembamba unaopitisha maji kwa urahisi lakini unaizuia chumvi. Chumvi ikizidi nje, maji ya ndani huvuka utando kuifuata. Basi, osmosisi ndiyo hiyo. Ndiyo pia inayokausha miche ya ndizi mtu akiirundikia mbolea ya dukani shinani, kisha analaumu mvua.

Yeye alitaka wanafunzi waone kwanza, maelezo yaje baadaye. Alibeba viazi darasani, akavitumbukiza kwenye maji ya chumvi, akawaacha wavibonyeze vikilegea. Mwalimu mkuu hakuwa na muda huo. "Mwalimu, mtihani hauulizi viazi," alimwambia mbele yetu kwenye mkutano wa wazazi. Nilikwenda kwa ajili ya binti yangu. "Wape maana, waikariri, tusonge." Muhula uliofuata akanyang'anywa kidato cha nne. Alikuja kunipa habari hiyo langoni kwangu, Birongo, akakataa kuingia, na kwa mara ya kwanza hakuuliza swali lolote. Iliniuma sana. Hakurudishiwa darasa lile mpaka akastaafu.

Basi juzi tukamzika. Na nani alipewa kipaza sauti? Mwalimu mkuu yuleyule, naye sasa mstaafu, ndani ya suti. Alitueleza jinsi "sote tulivyothamini mbinu zake", kisha akawasimamisha waliopita mikononi mwa marehemu, mawakili, wauguzi na wenye maduka. "Osmosisi ni nini?" Wakaitikia kwa pamoja, kwa Kiingereza, bila kukosa neno. Watu wakapiga makofi. Ningeondoka, ila jeneza lilikuwa bado halijashushwa.

Baada ya mazishi tukapanga foleni ya chakula. Kachumbari ilikuwa imetiwa chumvi kabla hotuba hazijaanza, na hotuba za mazishi ya kwetu mnazijua. Nyanya zilikuwa zinaogelea kwenye sufuria. Mwalimu mkuu akachungulia, akamkunjia uso mama aliyekuwa akipakua.

"Mama, mbona mmeongeza maji kwenye kachumbari?"

"Yaya, hapana, mwalimu, sijaongeza hata tone."

"Sasa haya yametoka wapi?"

Nikageuka nyuma. Wale waitikiaji walikuwa pale pale, sahani mkononi. "Kweli wamezidisha maji," akasema mmoja. Mwingine akasema nyanya za siku hizi ni dawa tupu. Nikajibu mimi, kwa hasira na kwa sauti, lakini foleni ilikuwa imeshasogea kwenye nyama.

Maisha yake yote mtu yule alingoja mwenzake mmoja tu alione jambo na kuliuliza kwa dhati. Siku mkubwa wake alipouliza, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Kwa hiyo nawaomba, mtoto akija nyumbani na maana aliyoikariri, msimpigie makofi. Mpeni nyanya, kisu na chumvi, mumuulize maji yametoka wapi. Kisha msubiri, hata nyama ikipoa.