Rangi ya Januari

Stara Jamaldini, karani wetu mzaliwa wa Kondoa, alikuwa hodari kwa kompyuta kuliko kwa watu. Mwaka wa tisini na sita chama chetu cha wakulima wa zabibu, huku Makutupora, kilipata kompyuta ya kwanza, na ni yeye tu aliyejifunza programu ya kuchora grafu. Alichora mistari miwili: mmoja wa mvua iliyonyesha, mwingine wa maji ambayo mizabibu ilihitaji. Eneo lote kati ya mistari akalijaza rangi nyekundu, maana kwake huo ndio ulikuwa upungufu, kisha akawaita wakulima waje waone.

Mama Lydia, mkulima wa siku nyingi, akasogea hadi kwenye skrini.

“Mwanangu, hapa ni mwezi gani?”

“Januari, mama.”

“Mbona pekundu? Januari ile ndoo zangu za kumwagilia zilipumzika kabisa.”

Stara akatazama, akasonya. Kweli, Januari mstari wa mvua ulikuwa juu ya ule wa mahitaji, ila programu ilijaza rangi bila kujali upi uko juu. Akakaa, akaligawa eneo pale mistari inapokatana, na kipande cha Januari akakipaka bluu. Kilikuwa kidogo kama ukucha, hata akaona haya kukionyesha.

Mama Lydia akakiwekea kidole.

“Namshukuru Mungu,” akasema taratibu. “Hapa ndipo tulipokula.”

Tangu siku hiyo mpaka anastaafu, kila grafu Stara alianza kuipaka kwa bluu.