Spana ya Kathini na Kabichi za Kisilu

Umande haujakauka kwenye majani ya parachichi, na tayari Kathini Kyule amepiga magoti kando ya kishimo chenye kifuniko cha bati, milimani Kilungu. Anaingiza spana, anazungusha valvu taratibu, kisha anatega sikio. Bomba linakoroma.

"Hiyo maji imeshuka," anasema, akipangusa tope kwa leso.

Kathini, 43, ndiye mlinzi wa laini ya mabomba ya mradi wa kijamii unaotoa maji katika chemchemi ya Kwa Ndolo, juu ya soko la Nunguni. Kila asubuhi huifuata laini hiyo kwa miguu, akiziba panapovuja, akifungulia kijiji kimoja na kufungia kingine kwa zamu. Mshahara wake ni shilingi elfu tisa kwa mwezi, na gambuti anajinunulia.

Abiria wanaopita Kambu, kwenye barabara kuu ya kwenda Mombasa, huiona kaunti yetu ya Makueni kuwa nchi ya vumbi tu. Hawajapanda huku. Milima hii ndiyo tangi letu. Ikikauka, hata aliye tambarare atalia.

Jina la Kathini lilivuma Septemba ya mwaka juzi. Kiangazi kilikuwa kikali, na Kwa Mbula, kijiji cha mwisho bondeni, kikakaa wiki mbili bila tone. Wenyeji wake ndio waliobeba mawe ya kujengea tangi la mradi. Sasa wakatishia kupanda mlimani na mapanga, wayakate mabomba yote.

"Nilijua kuna mtu anakunywa maji ya wenyewe," anakumbuka. "Nikafuata laini pole pole. Nikaona kabichi ya kijani sana, na huko kote ni kavu. Kufukua, bomba ndogo inaingia shamba. Shamba yetu!"

Mwizi alikuwa Kisilu, mume wake.

Wifi yake, Nzisa, alimsihi azibe kimyakimya, asianike mambo ya nyumba. Kathini akakataa.

"Ningeficha, ningeangalia akina mama wa Kwa Mbula na macho gani?"

Akapuliza kipenga cha kuita mwethya, kikundi cha kazi za pamoja. Watu wakaja na majembe na nyimbo, wakaling'oa bomba lile mbele ya Kisilu. Kwa sheria ya mradi, boma la wawili hao likafungiwa maji mpaka mvua. Mlinzi mwenyewe akawa anapanga foleni kwenye kioski cha maji, mtungi mgongoni.

"Mimi nilidhani bibi akishika spana, maji ni ya nyumbani," anasema Kisilu, akijikuna kisogo. "Kabichi ikakauka yote. Nilikasirika nikaenda kukula kwa mama yangu."

Kathini anaangua kicheko.

Jioni ya siku bomba lilipong'olewa, maji yalifika Kwa Mbula. Tangu hapo hakuna aliyechepusha bomba. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nasema wazi, nilipoisikia habari hiyo nilimwonea fahari mama huyu.

Sasa mradi unataka kuvuka Kwa Mbula hadi shule ya msingi iliyo ng'ambo, ambako watoto bado hubeba maji kutoka nyumbani. Mtaro unachimbwa kwa mkono. Anayechimba kipande chenye mawe, kwa kujitolea, ni Kisilu.

Kathini anashusha spana mtaroni kupima kina.

"Ongeza, baba Kaveke," anamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

Kisilu anainama na kuchimba tena.

"Ile siku maji itafika shule," Kathini anasema, "huyu ndiye atakunywa ya kwanza. Kikombe moja. Kabichi ingoje mvua."