Siku Nilisingizia Kibofu Changu

Kuna watu hapa Goma wananijua kwa nyumba nilizojenga na kuna wengine wananijua kwa kojo, na hawa wa kojo njo wengi, kwa hiyo heri niwaelezee mimi mwenyewe mbele hamujaelezwa na wale, maana wale wanaongeza chumvi (eti nilimulowesha mupaka shehe, uongo mutupu, shehe alilowana mwenyewe, na mutaona namna gani).

Mimi Ramazani ni masoni, mujenzi wa kuta, tangu kijana. Masomo haikunipenda, nilitoka darasani mbele ya kujua kugawanya, lakini ukuta wangu umenyooka kuliko watu wengi ninaowajua. Basi Mama Sakina, mujane anayeuza samaki wa chumvi wa Vitshumbi, akanipa kazi ya nyumba yake nyuma ya Katindo, nyumba ya sima, saruji kabisa, yenye karo za vigae chini na dushe yake ya kuogea ndani, ile aliyoiota miaka yote akipanga kwa watu. Sasa mwenye kujenga huku anajua, chini hakuna udongo, kuna mawe ya volkano tu, na kuchimba shimo la maji machafu ni kupiga mutalimbo mupaka vidole vinasahau kufunguka. Sikuwa nimechimba hata kufika magoti, nikaona ufa ndani ya jiwe, kule nyuma pa dushe. Nikamwaga ndoo, ikapotea. Nikamwaga pipa nzima, jiwe likameza bila kusema aksanti. Nikajiambia, Ramazani, Mungu amekuchimbia, wewe unataka nini tena? Nikaacha mutalimbo, nikaelekeza tiyo, bomba la dushe, ndani ya ule ufa, na kwa sababu ufa wenyewe ulipita chini ya saloni, nikaufunika pale na mawe madogo na sima nyepesi, karo juu. Ikapendeza sana.

Mama Sakina akauliza, "Papa Ramazani, ile maji inaenda wapi?"

"Inaenda kwa Mungu, Mama."

"Na Mungu akiikataa?"

Nikacheka. Nilipenda kucheka wakati ule.

Siku ya dua ya nyumba nilivaa kanzu yangu ya Idi, nyeupe (nyeupe, hapa kwenye vumbi nyeusi, lakini siku ile nilijiona bwana harusi). Tukakaa chini kwenye tapi mupya, zulia la wageni, na kando yangu alikaa Hamisi, dereva wa lori la Bunagana, ambaye alikuwa na parsele yake, kiwanja cha kujenga, na alikuwa anatafuta masoni. Alikuwa anapapasa karo pembeni ya tapi sawa mutu anayepapasa ng'ombe wa kununua.

"Papa, hii kazi ni safi. Nikirudi safari hii tunaanza yangu."

Hamujui ile neno ilinifanya nini. Tangu nyumba ya Mama Sakina iishe sikuwa na shantiye nyingine, na kwa umri wangu mutu hakupi kazi kwa sababu ya nguvu, anakupa kwa sababu ya jina. Nikala pilau yangu nikiwa nimeshaanza kujenga ya Hamisi kichwani.

Kisha shehe akaanza dua, na shehe wetu akianza dua hasahau mutu, hata wafu wa Maniema anawataja mumoja mumoja. Huku nyuma wamama wakaingia kwenye dushe kuosha sahani. Nikasikia baridi chini yangu. Nikaweka mukono: maji. Ilikuwa inapanda katikati ya karo mbili na kupenya tapi, pole pole, sawa mutoto anayechungulia wageni. (Kisha njo nilijua: jirani wa chini ya mutelemuko naye alikuwa anajenga, ufa wangu ulitokea ndani ya musingi wake, akauziba na betoni. Simulaumu. Nani anataka dushe ya mwenzake ndani ya fondasio?)

Mutu wa akili angesema, jamani, kuna maji. Mimi nilisogea nikaikalia. Ndiyo. Nikaatamia kosa langu sawa kuku.

Dua ikaisha, alasiri ikafika, shehe akasema tusimame tuswali. Wote wakasimama.

"Papa Ramazani, na wewe."

"Miguu, shehe, miguu."

Hamisi, kwa heshima zake, akanishika kwapani akaninyanyua, na safu nzima ya nyuma ikaona kanzu yangu iliyolowana. Mama mumoja mulangoni akasema, "Maskini, muzee wa watu."

Ningeweza kusema ni nyumba. Nikamuangalia Hamisi, nikaangalia kazi yangu, nikainamisha kichwa. "Munisamehe. Ni uzee."

Shehe akanihurumia mupaka nikaona vibaya. "Hakuna haya, Papa. Nenda ujitawaze, tutakungojea." Mama Sakina mwenyewe akanibebea ndoo mupaka dushe, na kikwembe chake cha maua nijifunge.

Nikamwaga kopo la kwanza. Toka saloni nikasikia: "Ee! Tapi!" Nikabaki nimesimama na kopo mukononi, uchi, nikiwa nimeelewa: kila tone ninalomwaga huku linaenda kusalimia wageni kule.

"Papa, unaoga ao unaangalia maji?" Mama Sakina, nyuma ya mulango.

"Ninaoga, Mama!"

"Sisikii maji. Usione haya, ngoja nikusaidie." Akapitisha mukono, akamwaga ndoo nzima miguuni mwangu.

Saloni ikapiga kelele. Niliporudi na maua yangu kiunoni, wageni walikuwa juu ya viti, tapi imeanza kuogelea, na shehe, aliyekanyaga maji mwenyewe, amenyanyua mguu mumoja sawa korongo. Hamisi alikuwa amechuchumaa. Akanyanyua kidole, juu yake punje ya muchele.

"Papa Ramazani. Wewe unakojoa pilau?"

"Na sabuni!" mwingine akaitika. "Muzee ni tanki!"

Walicheka mupaka shehe akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Mama Sakina njo peke yake hakucheka.

"Papa, ni kojo ao ni nyumba?"

"Ni nyumba, Mama."

"Kojo ningefua tapi ningesahau, kuzeeka si kosa la mutu. Lakini ulitaka nilale na watoto wangu juu ya shimo, ili Hamisi asijue?"

Nilichukua mutalimbo vile vile na kikwembe, nikavunja karo zangu nzuri mbele ya wale wale walionisifu. Nilichimba shimo la kweli, peke yangu, kwa sima yangu, ule ufa nikaujaza na mawe na betoni nzito. Mama Sakina aliita wamama wote wa avenii wamwage mabeseni kwa mara moja, yeye amelala chini, sikio kwenye karo. Kukauka, saloni ilikauka. Hamisi alijengewa na mwingine.

Basi, masoni wenzangu, nyumba yako ikivuja, sema ni nyumba. Nyumba inavunjwa, inatengenezwa, inasahauliwa. Mimi kila pahali ninapoalikwa, mbele ya kunionyesha kiti wananionyesha choo.