Uso Uliosafiri Kutoka Mtwara

Kwetu, bibi hampi mjukuu jina kabla hajauona uso wake. Mdogo wangu alikuwa amejifungua Mtwara, mwisho mwingine wa nchi, na mama alikuwa kitandani sebuleni, nyonga imevunjika, katika nyumba yetu bondeni karibu na Kamachumu. Kwenye kioo kidogo cha simu hakuona kitu.

"Hiki ni kichwa au ni ndizi?" aliuliza.

Basi nikatoka kwangu Rwamishenye na laptop yangu ya zamani yenye kioo kikubwa. Mfumo wake ulikuwa umeharibika, nikaweka mpya, Linux, kutoka kwenye flashi, pale pale kando ya kitanda. Sauti ikaitika, kamera ikaitika. Waifai ikanyamaza. Mahali pa kuonyesha mitandao palikuwa patupu.

Na tuliihitaji kweli, kwa sababu simu ilishika mtandao kwenye dirisha la jikoni tu. Ilipaswa ikae huko na kuurusha hewani hadi sebuleni.

Kaka alitazama, akatoka na panga. Tukasikia majani ya migomba yakianguka.

"Unafanya nini huko?" mama alipaza sauti.

"Naufungulia mtandao njia, Mae! Majani yamelowa, yanauziba."

"Acha migomba yangu! Mtandao ukikataa tutakula nini, laptop?"

Kaka hakukosea sana, majani mabichi hupunguza mawimbi. Lakini kosa halikuwa huko. Ndani ya kompyuta mna kadi ndogo inayosikiliza mawimbi. Mfumo mpya uliiona kadi ile ila haukujua kuzungumza nayo. Ulihitaji programu ndogo ya kuufundisha, na programu yenyewe iko kwenye intaneti. Yaani ili upate mtandao, uwe na mtandao! Wengi wakifika hapo hukata tamaa. Wewe usikate. Tafuta waya wa kuchajia simu.

"Umemsumbua mgeni tangu asubuhi," mama alisema akiitazama laptop, "na hata kahawa ya kutafuna, ya kumkaribisha, hujampa."

Akachukua punje kutoka kwenye kikapu chake kidogo, akaweka mbili juu ya kibodi. Sikuzitoa.

Nikaibeba kompyuta hadi dirishani jikoni, nikaiunganisha na simu kwa ule waya, nikairuhusu simu igawe intaneti kupitia waya. Ikakubali. Nikatafuta programu inayolingana na jina la kadi, nikaiweka, nikazima na kuwasha. Kisha nikachomoa waya, nikaiacha simu dirishani ikirusha mtandao, nikarudi sebuleni taratibu, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto.

Jina la simu yangu likatokea. Chini yake likatokea jingine, la jirani wa ng'ambo ya shamba, halafu jingine nisilolijua. Nimewaeleza watu wengi jinsi mawimbi yanavyofanya kazi, na bado mwili ulinisisimka. Hewa ile ile tuliyokuwa tukivuta, yenye harufu ya majani aliyokata kaka, muda wote ilikuwa imejaa sauti na nyuso za watu, zikipita ukutani na kutupita sisi wenyewe, bila hata kutugusa.

Nikapiga simu ya video Mtwara. Mtoto akatokea, mkubwa kama kioo kizima, akigeuzageuza kichwa. Mama alijaribu kumfuata kwa macho, akashindwa. Ghafla picha ikaganda.

"Imekufa!" kaka akaruka, panga bado mkononi.

"Tulia," mama alisema. "Sasa ndiyo naona."

Alimtazama mjukuu wake aliyesimama kimya hewani. Alipitisha kidole kwenye paji la uso, kwenye pua, kwenye kidevu. Kisha akatamka jina, polepole, kwa Kihaya.

Picha ikaanza kutembea tena. "Mama, bado uko hapo?" mdogo wangu alikuwa akiita. "Mbona kimya? Umemwona?"

"Nimemwona," mama alijibu. "Na nimeshamwita. Mlete karibu nimwite tena, asikie."