Gari la Mtu Asiyesema Uongo

Mume wangu aliokoka mwaka ule ule tulioamua kuuza gari, na mpaka leo naamini mambo hayo mawili hayakupaswa kukutana katika nyumba moja.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, la bluu iliyopauka hadi ikafanana na maji ya kufulia. Alilinunua Nairobi likiwa limeshapita mikononi mwa watu, akaliendesha mwenyewe kupitia Busia mpaka Kampala, miaka michache baada ya vita, wakati mtu mwenye gari lolote, hata la kusukuma, alisalimiwa mara mbili. Yeye alikuwa ameajiriwa na kiwanda cha sabuni. Mimi nilishona sare za shule barazani kwetu Luzira. Gari lile lilitupeleka kazini, sokoni, na hospitali usiku niliposhikwa na uchungu wa kitinda mimba wetu. Kisha kiwanda kikampa pikapu ya kusambazia sabuni, na la bluu likabaki uani chini ya mfenesi, likikusanya majani, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama lile ni gari au ni kaburi.

"Liuze, baba watoto," nikamwambia mume wangu.

"Nitaliuza," akajibu. "Lakini sitasema uongo."

Sikuona shida yoyote. Nilidhani anamaanisha hatalisifia kupita kiasi.

Kila niliyemuuliza aliniambia njia rahisi ni moja tu: andika kwenye karatasi kwamba gari linauzwa, ibandike kwenye kioo, kaa usubiri. Tukafanya hivyo. Jumapili iliyofuata akaja jirani yetu, askari wa magereza, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, akiwa na mkewe. Walilizunguka gari. Mkewe akakaa kiti cha mbele akajitazama kwenye kioo, nami nikajua biashara imeiva. Nikaenda kuweka chai.

"Sasa jirani, gari iko namna gani?" askari akauliza.

Mume wangu akafumba macho kidogo, kama alivyokuwa akifanya anaposimama kutoa ushuhuda. "Gia ya nne inaruka," akasema. "Breki ya mkono haipo. Rejeta inavuja. Sakafu upande wa abiria imeliwa na kutu, mvua ikinyesha utalowa miguu. Na mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani. Ukimweka mtu mle, hatoki mpaka uende kumtoa."

Askari akacheka. "Hiyo si shida. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo."

Mtu mwingine yeyote angeishia pale, akacheka naye, akataja bei. Mume wangu akaendelea. Akaeleza moshi, akaeleza sauti inayotoka chini ukikata kona, akaeleza sauti nyingine ambayo hakuna fundi aliyewahi kujua inatoka wapi. Mke wa askari akashuka taratibu na kufuta sketi yake. Walikunywa chai yetu, wakasifu mandazi, wakaenda zao. Baada ya siku chache nikasikia sokoni kwamba gari la wale Wakenya, yaani sisi, liliwahi kuua mtu. Watu walikuwa wamepiga hesabu zao: kama mwenyewe anakubali yote yale, anachokificha ni kikubwa kiasi gani?

Njia rahisi ya pili ilikuwa kanisani. Mume wangu alisimama kwenye kikundi cha maombi na kutangaza kwamba ana gari la kuuza, kisha akasimulia kasoro zake zote kama mtu anayesoma habari za mgonjwa. Ndugu waliguswa sana. Hakuna aliyelinunua, ila wote walitoka nje, wakaweka mikono juu ya boneti, wakaliombea. Tulipotaka kurudi nyumbani liliwaka bila kusukumwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Krismasi. Njiani mume wangu alisema labda tungoje kidogo, tuone Mungu anataka nini na gari hili.

"Mungu ana mambo mengine ya kufanya," nikamwambia. "Kesho tunakwenda Kisenyi."

Kisenyi ndiko magari yalikokwenda kuuzwa au kufa. Gereji zilikuwa zimebanana na maduka ya jumla, na ardhi yenyewe ilikuwa nyeusi kwa oili. Tulimpata dalali, kijana wa suruali iliyopigwa pasi vizuri mahali ambapo hakuna aliyeweza kubaki safi hadi saa nne. Alilitazama gari kwa huruma, kisha akamvuta mume wangu pembeni.

"Mzee, wewe kaa kwa nyuma, nyamaza. Kuongea ni yangu."

"Wakiniuliza nitawajibu," mume wangu akasema.

"Hawatakuuliza."

Walimuuliza. Wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja mpole aliyeishi Lubaga. Dalali alikuwa amemwambia kwamba gari lilikuwa la daktari na liliendeshwa Jumapili tu. Mwalimu akapita pembeni mwa dalali, akamwendea mume wangu. "Linapanda kile kilima chetu?"

"Linapanda," mume wangu akasema, "lakini si chote."

Dalali akashika kichwa. Baada ya mwalimu akaja mfanyabiashara wa kahawa, baada yake vijana wawili waliotaka teksi, na wote waliondoka na ukweli wao mkononi. Ilipofika mchana dalali akanijia nilipokuwa nimekaa kivulini, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kiganda:

"Nnyabo, huyu bwana yako ni mugonjwa?"

"Ameokoka."

"Wote tumeokoka. Hata mimi nimeokoka. Lakini gali ni gali."

Ng'ambo ya njia palikuwa na duka la mikeka na vitambaa, na mwenyewe alikuwa ametutazama tangu asubuhi. Alikuwa mama wa Kinubi, mtu mzima, hina mikononi; watu wote pale walimwita Hajati. Mababu zake waliletwa Uganda kutoka Sudan kuwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa bado na kambi ndani yake: kilitoka kwa amri. Akavuka njia, akasimama mbele ya mume wangu.

"Bwana, umemaliza kutukana hii gari?"

"Siitukani, Hajati. Nasema ukweli."

"Haya. Niambie na mimi."

Akamwambia. Yote, kuanzia gia hadi ile sauti isiyojulikana. Hajati alisikiliza bila kutikisika. Mume wangu alipomaliza, Hajati akamuuliza, "Na uzuri wake?"

Hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Mume wangu akaligeukia gari. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi, akaanza. Akasema asubuhi za baridi unalikanyagia mafuta mara mbili, unangoja, halafu ndipo unalishtua. Akasimulia alivyotoka nalo Busia mvua ikimwagika, wakati malori makubwa yamekwama matopeni na lenyewe likapita ubavuni. Akasimulia usiku ule wa hospitali, taa zake zote mbili zimekufa, nami nalia kiti cha nyuma, naye akiendesha kwa mwanga wa mwezi. "Usiku ule halikuzima hata mara moja," akasema, na nikaona ameweka mkono juu ya paa la gari kama anavyouweka juu ya kichwa cha mtoto anayelala.

Hajati akanigeukia. "Dada, huyu hataki kuuza. Anafukuza watu."

Nikamtazama mume wangu. Nilitegemea akatae.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

Akatazama matairi. "Sikusema uongo hata mara moja," akasema.

Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikaona huruma nisiyojua niiweke wapi. Wiki nzima nilikuwa nimewahudumia chai na mandazi watu ambao mume wangu alikuwa akiwafukuza kwa utakatifu.

"Mimi nanunua," Hajati akasema. "Mimi hakuna kitu itanishangaza sasa."

Kila kasoro aliyoitaja mume wangu, Hajati aliiondoa kwenye bei, na hakuna aliyeweza kubisha, kwa kuwa shahidi alikuwa muuzaji mwenyewe. Dalali naye alidai chake, akapewa, nadhani kwa kazi ya kunyamaza. Mume wangu alikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Ndipo Hajati akatueleza, kama jambo dogo tu, kwamba hajui kuendesha, na kwamba mtu aliyelifahamu gari kiasi kile ndiye atakayemfundisha.

Basi kila Jumamosi mume wangu alikwenda kumfundisha. Sikuwahi kumwona na subira ya namna ile. Nasema hivyo kwa sababu mimi, miaka yote tuliyokuwa na gari lile, sikuruhusiwa kushika usukani; aliniambia klachi yake ina tabia na itanisumbua. Hajati, ambaye miguu yake haikufika vizuri kwenye pedali, aliwekewa mto mgongoni.

Siku moja nilikwenda dukani kwake kununua kitambaa. Nikamweleza jambo hilo nikijifanya nacheka. Hakucheka. Alimwachia jirani duka, akachukua ufunguo, akanifungulia mlango wa dereva.

"Ingia," akaamuru.

Tulikwenda kwenye uwanja mtupu, nikaanza. Niliendelea kwenda siku za katikati ya wiki, nikiwa nimemaliza sare za watu, na klachi nikaiona ni ya kawaida kabisa.

Nilipoweza kuzunguka mji bila Hajati kupiga kelele, nilimwambia mume wangu kwamba sasa najua kuendesha. Aliniuliza nani kanifundisha, na kwa gari gani. Nikamwambia, nikaongeza kwamba klachi haikunisumbua hata kidogo. Akainuka kwenda kunawa mikono, ingawa chakula kilikuwa bado hakijaiva.