Ngazi wa Bandarini

Jamani, watu hawana haya! Gati lilipokamilika, wakatundika ubao wa historia pale langoni: eti zamani kisiwa hiki hakikuwa na njia ya kushushia abiria. Hakikuwa na njia? Na baba yangu je?

Maji ya ufukweni kwetu hayana kina, kwa hiyo mashua zilikuwa zinatia nanga mbali. Baba anaingia majini mpaka kiunoni, anageuza mgongo, abiria anapanda, anamleta mpaka mchangani. Mwalimu wa kwanza, mkunga, mabibi harusi, wote walishukia mgongo ule. Ndiyo maana wakamwita Ngazi. Sharti lake lilikuwa moja tu: vua viatu, vishike mkononi, usimchafue mwenzio. Wote walivua, isipokuwa karani mmoja kijana aliyekuja kuanza kazi ya ushuru. Huyo alipanda na viatu vyake vya kamba, na mama akalifua shati la baba mpaka vidole vikamchubuka. Baba alicheka tu. "Tenda wema uende zako," akasema.

Karani yule ndiye mkuu wa bandari leo.

Juzi baba kazidiwa, pumzi hazimtoshi, na hospitali iko ng'ambo. Nikampakia kwenye mkokoteni wa jirani, mbio mpaka gatini. Lango limefungwa! Zulia jekundu limetandikwa, wanamngoja mgeni wa kuja kuzindua. Mkuu wa bandari akatoka mwenyewe.

"Binti, subiri sherehe iishe. Zulia litachafuka."

"Mzee wangu, huyu ni Ngazi! Humjui?"

Akamtazama baba, kisha akatazama saa. "Namjua. Lakini utaratibu ni utaratibu."

Fadhila za punda ni mateke, hilo nalijua, ila sikujua kuwa punda mwenyewe huvaa suti na tai. Nilimtukana, na sijuti. Tenda wema uende zako? Aende wapi, na lango limefungwa?

Mashua ya kwenda ng'ambo ilikuwa imefukuzwa gatini kumpisha mgeni, imetia nanga mbali kama enzi zile. Nikajifunga kibwebwe, nikausukuma mkokoteni mpaka ukingoni mwa maji, nikachuchumaa, nikamgeuzia baba mgongo.

Nikangoja. Hakupanda.

"Baba, panda basi, mashua itatuacha!"

Nikageuka. Alikuwa ameinama, anahema, anahangaika kufungua kamba za viatu.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema. "Nivue kwanza, nisikuchafue."