Ndoto Niliyomwambia Madam Athieno

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Busia, ndoto mbaya haikusimuliwa kabla ya kunawa uso. Uliinamia beseni, ukayanong'onezea maji ndoto yako, ukanawa, ukayamwaga nyuma ya choo. Hapo ndipo uliweza kumweleza mtu, kwa kuwa ubaya ulikuwa umeondoka na maji. Kukhu, bibi yangu mzaa baba, alilisimamia jambo hilo kwa ukali kuliko sala.

Nikiwa darasa la saba nilimwota baba amelala barabarani, kiatu kimoja hakipo. Baba alikuwa dereva wa lori, na asubuhi hiyo alikuwa anaondoka mapema. Nilimkimbilia mlangoni na matongotongo yangu nikamweleza yote. Alicheka, akanipangusa macho kwa kidole gumba, akaenda zake. Lori lilipinduka siku hiyo hiyo, na baba hakurudi.

Matangani Kukhu aliniuliza swali moja tu, tena kwa upole: "Ulimwambia kabla ya kunawa?"

Tangu hapo sikumjibu mtu yeyote kwa zaidi ya neno moja au mawili.

Nilipelekwa sekondari ya bweni karibu na Tororo. Walimu waliniona jeuri, kumbe nilikuwa naogopa kuua mtu mwingine. Muhula wa pili mwalimu mkuu alisema nisipofungua mdomo darasani kabla ya likizo, nifungashe virago. Nikapelekwa kwa Madam Athieno, mwalimu wa ushauri nasaha. Chumba chake nusu kilikuwa stoo ya majembe, na wasichana walisema anayeingia mle ana mimba, kwa hiyo niliingia mbio kama mwizi.

Madam hakunihoji. Alinisogezea ungo wa karanga za shambani kwake, tukabambua. Wiki tatu tulibambua karanga tu. Ya nne nikamweleza kuhusu baba, vipande vipande, macho yangu yakiwa kwenye maganda.

Kisha nikamwota yeye, amefunikwa shuka jeupe. Nilikimbia nikanawa mara tano, lakini moyo haukutulia. Nikamwandikia kikaratasi: "Madam, usinikaribie. Nimekuota."

Kesho yake alfajiri alikuja bwenini amejifunga leso, nywele timtim, macho bado na usingizi. Akaketi kitandani kwangu.

"Sijanawa," alisema. "Na wewe usinawe. Sema sasa."

"Madam, utakufa."

"Sema tu, mwanangu."

Nilimweleza huku nalia. Alinishika mkono mpaka mwisho, akashukuru, akaenda kufundisha baiolojia. Siku nzima nilimfuata kwa macho. Alikula posho, ule ugali wa shule, akawagombeza waliochelewa, akajikwaa kwenye ngazi nami nikapiga yowe. Hakufa siku hiyo, wala wiki hiyo. Siku chache kabla ya likizo nilinyoosha mkono katika somo la jiografia. Jibu langu halikuwa sahihi hata kidogo. Darasa likacheka, na mimi nikacheka nalo, na hakuna aliyenifukuza.

Mwaka jana nilimtembelea kwake Nabuyoga. Amestaafu, anafuga kuku. Nilimuuliza swali nililolibeba miaka yote: je, asubuhi ile alikuwa ananicheka moyoni?

"Kucheka?" alisema. "Mimi nilikuwa naogopa! Hata kwetu tunanawa kwanza. Kabla nakuja kwako, nilipigia watoto wangu wote simu, nasikia sauti zao."

Niliamini siku zote kwamba alikuja kunionyesha ndoto haiui, kwa sababu yeye msomi alilijua hilo. Kumbe hakuwa na hakika zaidi yangu. Aliwaaga watoto wake kimyakimya, kisha akaja kuketi karibu na mtoto wa mwenzake ili mtoto huyo aweze kusema.